Jina la Jungu

Hapo zamani, si zamani ya wafalme wala ya majitu, zamani ya majuzi tu, katika mji wa baridi uitwao Nyalumbu, palikuwa na timu ya wanawake iliyoitwa Malkia. Timu haikuwa na tajiri. Ilikuwa na jungu.

Jungu lilikuwa la tawi la mashabiki, na tawi lilikuwa la akina mama wa sokoni. Kila Malkia walipocheza mechi ya kombe, akina mama walibandika jungu nyuma ya uwanja wakapika wali na maharage, na nyama siku ambayo mwenye bucha kaamka vizuri. Wachezaji walikula kabla hata ya kuoga. Na kwa kuwa akina mama ndio waliolisha, palikuwa na desturi ambayo hakuna kocha aliyethubutu kuigusa. Kikosi cha raundi inayofuata alikipanga kocha, chote, isipokuwa jina moja. Jina la mwisho walilitaja wapishi. Waliliita jina la jungu.

"Mbinu hatuzijui," walikuwa wakisema, "lakini aliyetoka jasho tunamjua."

Aliyelitamka jina hilo alikuwa Skolastika, mama Deo, mshika mwiko mkuu. Wenzake wakikubaliana, yeye alitamka tu. Wakigawanyika, yeye aliamua. Miaka yote walikuwa wanakubaliana kabla wali haujakauka maji. Mpaka walipokuja Chemchemi.

Chemchemi walikuwa timu ya daraja la chini. Walikuja na jezi za kuazima, wachezaji wawili wamevaa namba tisa, refa akawatazama, akacheka, akapuliza filimbi. Kocha Mgaya wa Malkia siku hiyo aliwachezesha watu wa benchi, maana nyota wake wote walikuwa kambini na timu ya mkoa. Nyota wangerudi kwa robo fainali. Wakirudi, kikosi kingejaa, na kwa watu wa benchi ingebaki nafasi moja tu, ile ya jungu. Robo fainali ilikuwa ichezwe mkoani, mbele ya watu wa timu kubwa wanaotafuta wachezaji. Atakayetajwa angepanda basi. Wasiotajwa, msimu wao umeisha: wafungashe, warudi kwao, na huko kwao hakuna timu ya wanawake. Kuna mashamba ya viazi na maneno ya watu.

Kila mtu uwanjani alilijua hilo. Hata wale waliokuja kupiga kelele tu.

Mechi yenyewe ilikuwa mbovu, haina namna ya kupambwa. Malkia walipiga pasi kama watu wanaorushiana kaa la moto. Na aliyekera zaidi alikuwa Fidea, beki wa kushoto. Mpira ukimfika, anaubutua nje. Ukirudishwa, anaubutua. Ukija polepole, hauna mtu karibu, unaomba kutulizwa, anaubutua vilevile.

Eufrasia, wifi yake Skolastika, akainuka na kifuniko cha jungu mkononi. "Mtoeni huyo, mtuwekee kiti," akasema. "Kiti angalau hakirushi mpira sokoni."

Watu wakacheka. Eufrasia akakigonga kifuniko. "Toa huyo, weka kiti." Akagonga tena. "Toa huyo, weka kiti." Ikawa wimbo. Skolastika akaudakia, akaupigia mwiko kwenye sufuria, kwa sababu wimbo ulikuwa na mdundo mzuri na mechi ilikuwa haina utamu wowote. Jukwaa la upande huu likaimba. Jukwaa la upande ule likaitikia. Fidea akibutua, wanaimba. Fidea asipobutua, wanaimba.

Kipindi cha pili kilipofika katikati, bado bila kwa bila, Fidea akanyoosha mkono. Akashika paja. Akakaa chini. Kocha alikuwa amebakiza badiliko moja, na kwenye benchi hapakuwa na beki, alikuwepo Atupele tu, mshambuliaji. Fidea akatoka kwa kuchechemea huku akisindikizwa na wimbo wake. Atupele akaingia.

Haukupita muda. Mpira mrefu ukapigwa mbele, kipa wa Chemchemi akamwachia beki wake, beki akamwachia kipa, Atupele akajitupa katikati yao akaugonga kwa ugoko. Ukagusa mlingoti, ukasitasita, ukaingia. Akina mama wakasimama kupiga vigelegele. Atupele akaja mbio mpaka mbele ya jungu, akasimama, akaweka kidole mdomoni. Nyamazeni. Vigelegele vikafia njiani.

Zikabaki dakika za mwisho. Upande wa kushoto, alikotoka Fidea, pakawa uwazi mtupu. Mmoja wa wale namba tisa wawili akapita hapo bila kuguswa na mtu. Sekela, kipa wa akiba wa Malkia, akatazama mbele yake, hakuna beki. Akatoka golini, akamkumba, wote chini. Penalti. Sekela akafuta matope usoni, akarudi kwenye mstari. Ikapigwa. Akaizuia kwa goti, akaukumbatia mpira kama mtoto aliyetaka kuporwa.

Filimbi. Moja bila. Malkia walishinda, na watu wakatoka uwanjani wamenuna kama waliofungwa.

Sasa jungu likaepuliwa, na kesi ikaanza. Kocha Mgaya akasogea, simu mkononi. "Mama Deo, jina linasubiriwa mkoani leo hii. Wakifunga ofisi, nafasi imepotea."

Nusu ya akina mama walimtaka Sekela. Nusu walimtaka Atupele. Fidea hakutajwa na yeyote, wala kwa bahati mbaya.

"Kipa katuokoa," akasema Eufrasia. "Tungeenda kwenye penalti na hawa wa jezi za kuazima, tungeuweka wapi uso? Yule mwingine katuwekea kidole. Sisi, tuliomlisha."

"Kidole hakifungi goli, wifi," mwenzake akajibu. "Goti na ugoko, pima mwenyewe."

Skolastika akawaita wachezaji watatu waliokuwa wanakula pembeni. Alitaka kuwasikia wawili, lakini Fidea alikuwa amekaa katikati yao, na ingekuwa ukatili kumruka. Kwa hiyo, kwa adabu tu, alianza na yeye.

"Paja linaendeleaje, mwanangu?"

Fidea akatafuna, akameza. "Paja halikuuma, mama."

Vijiko vikasimama.

"Hatukuwa tunapata goli," Fidea akaendelea. "Mwalimu alibakiza mtu mmoja wa kuingiza, na mtu huyo anajua kufunga. Nilimwona anasitasita. Nikaona mmoja wetu atoke, nikatoka mimi."

"Na kule kubutua?" Eufrasia akauliza, sauti ikiwa chini kidogo kuliko kawaida yake. "Mpira umetulia, wewe unautupa nje."

Kocha Mgaya akakohoa. "Hapo niseme mimi. Kipa wetu alikuwa bado mgeni golini, nilimwambia Fidea asikae na mpira hata mara moja. Aliyafuata maneno yangu mpaka mwisho."

"Mbona hukutuambia, mwalimu?"

"Mngenisikia saa ngapi? Mlikuwa mnaimba."

Skolastika akahisi mwiko umekuwa mzito mkononi. Akauegemeza kwenye jungu. "Kwa hiyo ulitoka kwa ajili ya timu," akamwambia Fidea, na alitamani sana binti aitikie, aseme ndiyo, ili jambo hili liwe jepesi na liishe vizuri.

Fidea akaisogeza sahani pembeni. "Nikisema hivyo tu, nitakuwa nimewadanganya nusu. Nilitaka pia zile kelele ziishe. Nilikuwa nasikia mpaka miguu haijui iende wapi. Kipi kilitangulia, timu au kelele, mama, sijui. Nimejiuliza tangu nitoke."

Basi tawi likapasuka vipande vitatu. Waliokuwa wa Sekela wakagawanyika, waliokuwa wa Atupele wakagawanyika, wengine wakaanza kusema Fidea, Fidea, kwa sauti ya watu waliovunja sahani ya mwenyeji. Wale wale. Midomo ile ile iliyoimba.

Sekela akaweka sahani chini. Alikuwa na tope lililokaukia kwenye nyusi.

"Nawasikia mnavyomhurumia Fidea. Na mimi namhurumia, tunalala chumba kimoja. Lakini pengo aliloliacha nani aliliziba? Nilitazama mbele sikuona mtu. Ningebaki golini, anafunga. Nikatoka, ikawa penalti. Mnataka kuniambia nilikosea wapi?"

"Penalti uliisababisha mwenyewe, mwanangu," mama mmoja akasema.

"Ndiyo. Na nikaifuta mwenyewe. Mngependa nimwachie nani aifute?" Akawatazama mmoja mmoja. "Ingeingia, leo wimbo ungekuwa wangu. Haikuingia, basi sina wimbo wala jina? Msiniadhibu mimi kwa sababu ninyi mlimfukuza beki wangu."

Atupele akaona nafasi, akaingia kama alivyoingia uwanjani.

"Mimi nalitaka jina hilo. Sitakaa hapa nijifanye silitaki. Kombe linahesabu mabao, na bao ni moja, na ni langu. Fidea alinipa kiwanja, sikatai, na nitamshukuru maisha yangu. Hakunipa goli. Kuna watu wamepewa kiwanja mechi nzima na hawakufunga."

"Ulitunyamazisha," Eufrasia akasema. "Wali wetu tumboni, kidole chako mdomoni."

"Niliwanyamazisha, dada. Wali nimekula, na kwa wali nawashukuru. Kwa wimbo siwashukuru. Mlikuwa mnamwimbia mtu aliyekuwa anafanya alichoambiwa. Nilikuwa benchi, nilimsikia mwalimu akimwambia. Nifanyeje, niwapigie magoti?"

Eufrasia akatazama kifuniko cha jungu kilicholala majanini, akakigeuza upande mwingine kwa mguu.

Skolastika akamgeukia tena Fidea. Ilimbidi. "Na wewe? Unalitaka?"

"Nalitaka, mama. Nani hataki?" Fidea akapangusa vidole. "Lakini mkinitaja kwa sababu mlinizomea, msinitaje. Mtakuwa mmenipandisha basi ili ninyi mlale usingizi. Nitajeni kwa mpira wangu, au mniache."

"Mpira wako," Skolastika akaanza, kisha akanyamaza, kwa sababu alichotaka kukisema kilikuwa kweli na hakikusemeka mbele ya watu. Mpira wa Fidea hakuuona. Alikuwepo tangu mwanzo, macho yakitazama uwanjani, na hakuuona. Alikuwa anapiga mwiko kwenye sufuria. Binti yule alizuia mashambulizi mangapi, aliziba njia gani, kama Sekela alikaa salama muda wote ule kwa sababu ya kubutua kule kule walikokucheka, Skolastika hakuwa na la kusema. Alijua wimbo tu. Wimbo aliujua wote.

Akakisema hata hivyo. "Mpira wako hatukuuona, mwanangu. Tulikuwa tunaimba."

Fidea akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa.

"Mama Deo," kocha akasema. "Ofisi."

Skolastika akasimama. Akimtaja Sekela, atakuwa amemtuza aliyeokoa timu, na pia aliyeitia hatarini, ingawa hatari yenyewe ilitokana na pengo, na pengo lilitokana na wimbo. Akimtaja Atupele, atakuwa ameheshimu bao, bila hilo hakuna robo fainali wala basi, na Fidea atakuwa ametoa nafasi yake mara mbili kwa mtu yule yule. Na akimtaja Fidea? Huyo alitoa alichokuwa nacho, ikiwa kweli alitoa. Ikiwa alikimbia, atakuwa ametajwa aliyewaacha wenzake na uwazi mgongoni. Mwenyewe hajui. Na hata kama alitoa, wapishi hawakuwa na jicho la kumhukumu kwa mpira, walikuwa na aibu tu, na aibu ndiyo aliyokataa kutajwa kwayo.

Akatafuta kwa Eufrasia msaada. Eufrasia alikuwa anasugua ukoko ambao haukuwepo.

Kwa hiyo Skolastika akatamka jina. Moja. Kocha akalituma mkoani. Mabinti wawili wakarudisha sahani, wakasema asante kwa chakula, mama, na walisema kwa adabu kamili, na hiyo adabu ndiyo iliyomchoma kuliko kidole cha Atupele. Asubuhi walipanda lori la mbao kurudi makwao. Msimu uliofuata Skolastika alipika kama kawaida, lakini jina la jungu aliomba litajwe na mtu mwingine.

Jina gani alilitamka? Hamtaambiwa. Mkiambiwa mtaanza kumwimbia na yeye, na tumekwisha kuona jinsi watu wanavyojua kuimba. Semeni ninyi kwanza, mliokaa hapa mmeshiba, mechi mmesimuliwa yote na hakuna kelele iliyowazuia kuiona. Mmoja alitoka, mmoja akafunga, mmoja akazuia. Basi ni moja na kiti ni kimoja.

Je, nani alistahili?