Chungu Juu ya Kamba

Inasimuliwa kwamba hapo kale, katika nchi ya Uhabeshi, walikuwako watawa waliojenga kanisa lao juu ya jabali lisilo na njia. Ukitaka kupanda, kamba; ukitaka kushuka, kamba ile ile. Msiniulize kwa nini hawakujenga bondeni kama watu wengine. Watakatifu wana mambo yao.

Miongoni mwao alikuwako Abba Tekeste, mtu wa sala na saumu, na pia, Mungu amrehemu, mtu wa majivuno. Kamba ile ya ngozi ya ng'ombe aliisuka yeye, na mikono yake ilikuwa minene kama mapaja ya wenzake. Desturi ya pale, apandaye huvuta kamba mara mbili, husema, "Bwana, nishike," kisha husubiri. Mlinzi wa kamba aliye juu, mzee Abba Senai, akishalikagua fundo kwenye nguzo ilikofungwa kamba, naye huvuta mara mbili. Ndipo mtu hupanda. Abba Tekeste alikuwa akiwacheka. Alisema sala hiyo ni ya wagonjwa na wenye vitambi.

"Kamba nimeisuka mwenyewe, mikono ni yangu mwenyewe," alimwambia Abba Senai. "Bwana awashike ninyi. Mimi nitajishika."

"Haya, mwanangu," mzee akajibu. "Ila siku ukichoka, usione haya."

Alhamisi moja alishuka mapema kutafuta unga, akarudi adhuhuri na mfuko mgongoni. Ukungu ulikuwa umetanda hata mtu haoni vidole vyake. Hakuvuta. Hakusema. Hakusubiri. Akapanda.

Alipofika katikati ya jabali alisikia pumzi za mtu anayepanda chini yake. Akadhani ni ndugu mmojawapo, akauliza ni nani. Pumzi zikanyamaza. Akapanda tena, nazo zikapanda. Kisha sauti ikatoka ukunguni, taratibu, na ilikuwa sauti yake yeye: "Nitajishika." Kila alipopanda mkono mmoja, sauti ilisogea mkono mmoja. Wala kamba haikutikisika kwa uzito wa mtu wa pili. Hilo ndilo lililomtoa jasho.

Akapanda mbiombio, na mwenye kukimbia juu ya kamba huchoka upesi. Kilele kikiwa karibu, mikono yake, ile minene, ikakataa. Vidole vikaanza kufunguka kimoja kimoja, kama vya mtu mwingine. Na kitu kikamgusa kisigino.

Basi fahali wetu akasema, kwa sauti ndogo sana, "Bwana, nishike."

Chini pakawa kimya. Kutoka juu mkono ukamkamata kifundo cha mkono, baridi kama jiwe la kisima, ukamvuta. Akajikuta amelala kifudifudi juu ya mwamba. Akamshukuru Abba Senai. Hakujibiwa. Hapakuwa na mtu.

Baada ya kitambo mzee akatokea kanisani, kitambaa cha mafuta mkononi, akasimama kama aliyeona mzimu. Akamuuliza amepita wapi.

"Kwenye kamba. Si wewe uliyenivuta?"

"Mwanangu, kamba nimeifungua tangu asubuhi niipake mafuta. Nikaenda kusali, maana hakuna apandaye kabla hajajibiwa."

Wakatazama. Nguzo ilikuwa tupu. Ncha ya kamba imelala mwambani, na juu yake chungu kidogo cha mafuta, kuizuia isiteleze. Chungu kilijaa mpaka ukingoni, na hata tone halikuwa limemwagika.

Abba Senai akainama, akakiinua. Kamba yote ikaondoka, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, ukungu ukaimeza. Walingoja muda mrefu kabla ya kuisikia ikianguka.

Abba Tekeste akaketi chini. "Kumbe nilishikwa tangu kule bondeni," akasema, "hata nilipokuwa nikijisifu."

Alama za vidole vitano hazikumtoka kifundoni hadi alipofariki. Alisuka kamba mpya, na hakuna aliyesubiri kujibiwa kwa subira kama yeye, hata watawa vijana wakamtania kwamba amezeeka. Hakukasirika.

Nawe unayesoma huku ukijipapasa misuli, hujui kamba yako leo imefungwa wapi. Hata mimi sijui yangu. Vuta mara mbili, sema lile neno, kisha tulia usubiri. Na ukishafika juu, kabla hujajipiga kifua, kaangalie nguzo.