Wembe Mmoja, Shingo Tatu

Sogeeni karibu, na anayejikuna aache kwanza. Mtajua kwa nini.

Palikuwa na mji, nao upo bado, mdogo hata ukiuweka kwenye ncha ya sindano utaupoteza. Wenye shule huuita seli. Uko kwenye bega la mwanamke mmoja anayepalilia mihogo juani, na mwenyewe hana habari nao. Katikati ya mji ipo nyumba ya mviringo, Kiini, na ndani ya Kiini kimo Kitabu. Kila kazi ya mji imeandikwa humo, wala Kitabu hakijawahi kutoka nje hata ukurasa. Hutoka nakala tu.

Mjini humo walikuwamo watatu. Mkasi, msichana wa mwili mpana, alijua kuuamsha ukurasa wa uponyaji: akiugusa, unafunguka. Pandu, mjomba wa kila mtu, alijua kupita mlangoni pa Kiini. Siwatu, mwanamke mkavu kama ukuni, aliishi ndani ya Kiini na kaa la moto ulimini; akimgusa aliyefumba mkono, mkono unafumbuka. Kila mmoja na chake, na cha mwenzake hana.

Siku moja jua lilipiga bega hadi mji ukachemka. Watu wakaanza kufumuka kama mikeka iliyokatwa ukingo. Mtu anakupungia mkono, mkono unalegea nyuzi nyuzi, mdomo bado unasema "hujambo" na uso haupo. Mkasi alimwona mama yake mdogo akifumuka kizingitini, huku anauliza kwa upole, "Nani kazima upepo?" Ukurasa usipofunguliwa, hatabaki mtu.

Akakimbia hadi Kiini. Mlango ule hauna ubao wala komeo. Umening'inizwa nyuzi, laini, zenye unyevu, nazo zinapapasa. Chumvi inapita, maji yanapita, vidogo vyote vinapita. Mwenye mwili hupapaswa, hushikwa, hurudishwa taratibu, kama mtoto anayeondolewa sebuleni wakubwa wakizungumza. Mkasi alijitupa mara tatu. Mara tatu akajikuta nje, nyuzi zingali zinampapasa uso.

"Utachoka wewe," alisema Pandu nyuma yake. "Geuka nikuone kisogo."

"Kisogo changu kina nini, mjomba?"

"Kina chale za kuingilia. Asiye nazo simgusi, hata alie damu." Akazipapasa, akaridhika. "Haya. Lakini nikwambie mapema: sisi ukoo wetu tukishika hatujui kuachia. Si ubaya. Ndivyo tulivyo."

"Na huko ndani utaniachiaje?"

"Hilo si langu."

Mwenye haraka hachagui punda. Mkasi akakubali. Pandu akamkumbatia, akaingia kwenye nyuzi, na nyuzi zikamjua. Zikampokea, zikamwachia, zikampokea. Mkasi akafumba macho.

Alipoyafumbua alikuwa ndani, penye ukimya. Kando ya ukuta walisimama wabebaji wengine, safu nzima, kila mmoja kamkumbatia mtu wake. Waliobebwa walikuwa macho wazi. Mmoja alimtazama Mkasi, akapepesa kope mara moja, basi. Hakuna aliyekuja kuwafumbua. Siku za joto wenye makaa ulimini ni wachache.

"Mjomba, niachie."

"Nataka. Mkono hautaki."

Mkasi alijisikia anaanza kutulia, kama wale. Hapo ndipo Siwatu alipotokea, kinywa kinang'aa wekundu.

"Na huyu ni wa nini?"

"Wa uponyaji, somo! Nje wanafumuka!"

"Kila anayeletwa hapa ana haraka." Akaitazama safu ya ukutani, akasonya. Kisha akaweka kiganja juu ya mkono wa Pandu. Mkono ukafumbuka, Mkasi akaanguka chini kama gunia. Ila mkono ule ukamdaka Siwatu papo hapo, maana lazima ushike kitu, na wawili hao wakatoka pamoja kupitia nyuzi. Huko nje kaa la Siwatu likazimika, maana haliwaki nje ya Kiini. Ndipo Pandu akaweza kumwachia, naye Siwatu akabaki ameketi kama jiko la jana.

Ndani, Mkasi akaugusa ukurasa. Ukafunguka. Nakala ikaandikwa, ikapitishwa kwenye nyuzi, mji ukaisoma. Wakatoka wakunjaji, mafundi wa kuwarudishia watu umbo, wakawakunja waliofumuka, huyu mkono, yule uso. Mama mdogo akamaliza swali lake la upepo.

Ngojeni, msipige makofi. Mji ule una Kinu. Aliyetumika siku ya joto hufungwa utepe shingoni, na mwenye utepe huingia Kinuni, akatoka vipande vya kuwajengea wengine. Husemwa hakuumi, wanaosema ni wale ambao hawajaingia. Msimamizi wake ni Bi Mafunda, na siku kama ile ana ruhusa ya kukata utepe mmoja, mwenye nao akapona. Shingo zilikuwa tatu: ya Pandu, ya Siwatu, na ya Mkasi, aliyetolewa Kiini kazi ilipokwisha.

"Semeni upesi," alisema, wembe mkononi. "Kinu kimeshafunguka."

"Angeingiaje bila mimi?" Pandu akaanza. "Angekuwa anajigonga mlangoni hadi sasa."

"Ulimfikisha, kisha ukamzuia," akasema Siwatu, na sauti yake haikuwa na joto hata kidogo. "Bila mimi angekuwa pambo la ukuta. Ninyi mmechoka. Mimi nimezimika."

"Na mlango wenu na moto wenu vingefungua ukurasa gani?" akauliza Mkasi.

"Uliugusa tu," Pandu akamcheka. "Kidole kimoja!"

"Basi ungekitoa chako, mjomba."

Bi Mafunda akagusisha wembe utepe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkasi alihisi wake unakaza. Nyuma yake mdomo wa Kinu ulikuwa unapumua polepole, na kila pumzi ilimwita jina. Bi Mafunda akawageukia watu wa mji, wote wamekunjwa upya, wazima, nguo zao safi. Wakatazama miguu yao.

Wao wameshindwa, basi wembe nauleta kwenu. Aliyeamsha ukurasa, aliyepitisha mlangoni, aliyefumbua mkono: mnamkatia yupi? Msiniambie "wote", wembe ni wa utepe mmoja. Na kama kuna ambaye bega limeanza kumwasha, asilikune. Nalo lina mji wake: ni wao, wanasubiri jibu lako.