Alama Nyekundu ya Fisi

Wenzangu, masikio yako wapi?

Yako hapa, tupe hadithi!

Basi nawapa. Hapo zamani za kale alikuwapo Nyegere, mjane, na binti yake mmoja jina lake Sikudhani. Siku moja watu wa ng'ambo ya mto walituma habari: "Kesho kutwa tunakuja kumposa Sikudhani."

Nyegere alifurahi, kisha akaingiwa na wasiwasi. Mwaka ule nyuki walikuwa wachache. Nyumbani mlikuwa na vibuyu vitatu tu vya asali.

Akaenda kwa Fisi, mchinjaji. Fisi alikuwa ametundika nyama za namna mbili. Moja ilipakwa alama ya udongo mwekundu. Nyingine haikupakwa kitu.

"Hii ya alama ni ya nini, Bwana Fisi?"

"Ng'ombe wa mlimani, mama. Mbegu ya kale. Vibuyu vitatu. Ile nyingine ni ya bondeni, kibuyu kimoja."

Nyegere akafikiri. Akitoa vyote vitatu, wageni wataondoka bila kuramba asali, na kwa ukoo wa nyegere hiyo ni aibu kubwa. Akisema nyama ni ya bondeni, huenda wakamdharau binti yake.

"Nikatie kipande kidogo cha kila moja, nikaonje," akasema. Fisi akamkatia, maana aliiamini alama yake.

Njiani akakutana na Mbweha. "Jirani, nyama ya alama ina nini?"

"Ina alama," akajibu Mbweha.

Akakutana na Chui. "Jirani, nyama ya alama ina nini?"

"Mimi naila kwa sababu Simba anaila."

Akakutana na Simba. "Mzee wangu, nyama ya alama ina nini?"

Simba akatazama huku na huku. "Nikinunua nyingine, Chui ataniona."

Nyegere akazidi kutaka kujua. Akavichoma vipande vyote viwili, akamfunga Sikudhani kitambaa machoni. Akamlisha mara ya kwanza, Sikudhani akachagua nyama ya bondeni. Mara ya pili, ya bondeni. Mara ya tatu, ya bondeni.

"Hii laini, mama. Ile nyingine naitafuna kama kamba."

Nyegere akashangaa. Je, Fisi ni mwongo? Akapanda mlimani kwenda kujionea. Akamkuta ng'ombe wa pembe ndefu, mzuri wa sura.

"Wewe ndiye mbegu ya kale?"

"Ndiye mimi, na mama yangu, na mama yake."

"Mbona mbavu zako zinaonekana?"

"Huku mvua imekatika, dada. Kutwa tunapanda na kushuka kutafuta maji. Njoo baada ya masika, utatuona tulivyo."

Akashuka bondeni. Huko ng'ombe wasio na sifa walisimama ndani ya majani mabichi, wakila taratibu, wamenenepa.

Nyegere akarudi kwa Fisi. "Alama yako ni ya kweli, Bwana Fisi. Lakini inamtaja mama yake ng'ombe. Haisemi ng'ombe mwenyewe alikula nini." Akatoa kibuyu kimoja, akachukua nyama ya bondeni.

Wageni wakaja, wakala. Bibi yake bwana harusi akauliza, "Mkwe, hii ni ile ya alama?"

Nyegere akajibu, "Hapana, mama. Ni ya bondeni."

Wote wakaacha kutafuna. Yule bibi akatazama sahani, akanyoosha mkono, akachukua kipande kingine.

"Mimi hununua ya alama kila mara," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza naulizia nyama kwa sababu imenipendeza."

Wakaramba asali, na Sikudhani akaposwa siku ileile.

Tangu hapo kila mnunuzi alimuuliza Fisi: "Huyu alilishwa wapi? Alikula nini?" Fisi akalazimika kujua. Baada ya masika nyama ya mlimani ilinona kweli, na walioilipia zaidi hawakujuta. Kiangazi, Fisi aliiuza sawa na nyingine.

Nanyi mnaonisikiliza, jina zuri likiongezewa bei, ulizeni kwanza lina nini ndani, kisha onjeni wenyewe. Mkiridhika, lipeni. Msiporidhika, msione haya kuchukua isiyo na jina.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, amfikishie ambaye hakuwapo.