Nyani Aliyetaka Kuula Usingizi

Masikio yapo?
— Yapo, yametegwa!
Na macho je?
— Yamekataa kulala!
Basi sogeeni, nimekuja na mzigo.
— Utue, tuufungue pamoja!

Wa kwanza kumpa Mama Komba habari ile alikuwa Shore, ndege mwenye kishungi ambaye siri humuwasha mdomo.

"Dada, mfiche mwanao," alisema Shore. "Nyani anakuja jioni kumla."

"Kakosa mahindi?"

"Kakosa usingizi!"

Ilikuwa kweli. Nyani dume, mwenye kifua kama gunia, alikuwa na miezi hajalala usiku. Alihama tawi, hakulala. Alijipaka mafuta nyayoni, hakulala. Alitafuna majani machungu, hakulala. Mchana alikula mahindi ya watu mpaka akavimbiwa, akasinzia kivulini. Usiku ukifika, macho kodo! Mwisho akajisemea: "Njaa naiponya kwa kula. Huzuni naiponya kwa kula. Basi na usingizi nitaula."

Akamkumbuka Mboni, mtoto wa Mama Komba. Kila apitapo mchana humkuta amelala fofofo. Nyani akawaza kwamba usingizi wa msitu mzima umo tumboni mwa kile kitoto.

Mama Komba angekimbilia wapi? Nyani alijua kila tawi. Mama Komba akakaa, akafikiri, akachukua mbeleko yake, akaikung'uta.

Jua lilipozama, mti ukatikisika. Kwacha! Kwacha!

"Hodi!"

"Karibu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kumla mwanao."

"Nimesikia. Ila umemkuta yu macho. Ukimla hivi, mzee, utameza kukesha. Hutafumba jicho mpaka kufa."

Nyani akarudi nyuma. "Mlaze, basi!"

"Naweza. Lakini usingizi wa mtoto huanza kumwingia anayembeba. Nikimbeba mimi, utaniingia mimi."

"Wewe kidudu uumalize usingizi wangu? Lete mtoto!"

Mama Komba akamfunga Mboni mgongoni mwa Nyani, akakaza fundo. "Usikae, atalia. Usitafune kitu, atasikia meno. Na umwimbie."

Nyani akaenda, akarudi. Akaenda, akarudi.

"Lala, kitoweo, lala,
ukilala nitakula."

"Amelala?"

"Bado, mzee. Jicho lile!"

Akaenda, akarudi. Mboni akacheka, akamvuta masikio. Ngwee! Ngwee! Kumbe Nyani, mnyama wa mchana, hakuwahi kumwona mtoto wa komba usiku. Komba hulala mchana. Usiku ndio wakati wake wa kucheza.

"Amelala?"

"Anakaribia. Ongeza wimbo."

 

Kulipopambazuka, Nyani akachoka kwenda na kurudi. Akaegemea shina. "Lala, kito... kito..." Khoroo! Khoroo! Akalala kama komba aliyekunywa tembo. Mama Komba akafungua mbeleko polepole, akamchukua mwanawe. Mboni alipoliona jua, naye akapiga miayo.

Nyani aliamka jioni. "Nimelala!" akapiga kelele. "Mama Mboni, nimelala mchana kutwa!" Kisha akakunja uso. "Lakini sijamla. Mlete nimalizie."

"Umalizie nini, mzee? Usingizi wake wa leo umeshakuingia kupitia mgongoni. Ukivunja mtungi leo, kesho utateka na nini?"

Nyani akajikuna kichwa. Akajikuna tena. Akageuka, akainama.

"Mfunge, basi. Na ukaze."

Usiku ule Mama Komba alikula gundi ya mgunga, ule utomvu wapendao komba, kwa mikono miwili, jambo ambalo hakulifanya tangu azae. Asubuhi iliyofuata, Nyani akiwa anakoroma, alifua mbeleko, akaianika kwenye tawi la Nyani ili ikauke kabla ya jioni, kisha akajilaza na mwanawe.

Funzo, watoto wangu, ni hili: mtoto haachiwi mlafi ambebe. Labda mama awe amechoka sana.

Hadithi yangu imelala hapo. Atakayeiamsha, ataibeba yeye!
— Hatuigusi, ilale!