Siropu ya Mwimbaji wa Kisaseni

Mdomo wa kukodi hauonji.

Shangazi yenu kayasema hayo asubuhi, mlipomwonyesha kwenye simu yule mchezaji mpira anayesifia majani ya chai ya kupunguza tumbo. Mkacheka, mkadhani ni maneno ya wivu wa watu wazima. Kisha mmoja wenu akauliza yametoka wapi. Kaeni basi, mmenyeni ndizi huku mnasikiliza, chanzo chake ni hiki.

Kijijini Kisaseni, huko juu mlimani kwenye migomba, aliishi mama mmoja mjane, jina lake Aikande. Alimlea mjukuu wake Manka, mtoto wa binti yake aliyefariki. Manka alikuwa na kifafa. Zahanati walimpa vidonge vya kunywa kila siku, na alipovinywa hakuanguka. Ila vilimlegeza. Alisinzia darasani, wenzake wakamwita Gogo. Jambo hilo lilimuuma bibi yake kuliko lilivyomuuma mtoto mwenyewe.

Aikande alikuwa pia na mtoto wa kiume, Elifuraha, mwimbaji wa bendi mjini. Zama hizo redio ndiyo ilikuwa kila kitu, na hapakuwa na harusi isiyopigwa wimbo wake wa kumsindikiza bibi harusi. Wanawake wa Kisaseni walimsalimia Aikande kwa heshima ya mtoto wake. Sokoni aliongezewa dagaa bila kuomba.

Huko mjini alikuwako mfanyabiashara, Bwana Kitundu, aliyetengeneza siropu nyekundu akaiita Nuru. Kitundu alikuwa na akili. Hakutafuta mtu wa kuisifia siropu yake kwa maneno makavu. Alimfuata Elifuraha, akauchukua wimbo ule ule wa harusi, akabadilisha maneno: bibi harusi akatoka, siropu ikaingia. Watu wakawa wanaimba tangazo jikoni na shambani bila kujua wanamfanyia Kitundu kazi ya bure. Picha ya Elifuraha ikabandikwa kwenye chupa, anacheka, mkono kifuani. Siku za soko gari lenye spika lilizunguka vijijini likiimba kwamba Nuru inaongeza damu, inaondoa homa, inatuliza degedege na kifafa.

Elifuraha alilipwa vizuri. Mama yake akaezekewa nyumba kwa bati.

Aikande alipousikia wimbo ule redioni mara ya kwanza, alisimama na mwiko mkononi. Sauti ile aliijua tangu ikiwa kilio cha mtoto mchanga. Angemtilia shaka daktari, angemtilia shaka hata mchungaji, lakini si mtoto aliyemzaa. Akanunua chupa. Manka akaipenda, maana ilikuwa tamu. Bibi akavifunga vidonge kwenye kitambaa, akaviweka juu ya kabati.

Mwanzoni mtoto alichangamka. Usingizi ulimtoka, akawa anasoma vizuri, na Aikande akawaambia majirani, "Mwanangu ameniponyea mjukuu." Majirani nao wakanunua.

Kisha, mchana mmoja, Aikande alitoka kwenda kumkatia ng'ombe majani. Aliporudi alisikia harufu kabla hajafika mlangoni. Manka alikuwa ameanguka kwenye mafiga, mkono wake wa kulia ukiwa ndani ya moto.

Haukupita muda mrefu Elifuraha akaja kusalimia, na kreti la Nuru kwenye buti la gari. Hakuwa na habari. Mama yake alimkaribisha, akamweka kwenye kiti cha wageni. Sasa, mila ya kwetu mnaijua: anayekukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, hupiga funda la kwanza yeye mwenyewe, ndipo akupe kata, ujue kwamba hakuna ubaya ndani yake. Siku ile Aikande hakuleta kata. Alichukua chupa moja kwenye kreti, akaiweka mbele ya mwanawe.

"Onja," alisema.

Elifuraha akacheka. "Mama, hii si mbege."

"Ingekuwa mbege ningeonja mimi. Hii umeileta wewe. Anayeleta ndiye anayeonja. Au huko mjini umesahau?"

"Mimi siumwi, mama."

"Sikukuuliza kama unaumwa. Umewahi kuinywa?"

Alizungusha chupa mkononi, picha yake mwenyewe ikimcheka. "Hata kifuniko sijawahi kufungua. Mimi walinipa maneno, nikaimba. Dawa ni ya Kitundu, mama. Mimi nimekodiwa mdomo tu."

Aikande akamwita Manka kutoka chumbani aje kumsalimia mjomba wake. Mtoto akaja, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Aa, we Manka!" Elifuraha akamtania. "Mjomba anapewa mkono wa kushoto siku hizi? Lete wa kulia, mtoto mwenye adabu."

Manka akamwangalia bibi yake. Bibi akamwitikia kwa kichwa. Ndipo mtoto akautoa mkono wa kulia ndani ya khanga. Ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, na vidole vilikuwa vimejikunja.

"Aliangukia moto," bibi akasema, "vidonge vikiwa juu ya kabati."

"Kwa nini uliacha kumpa vidonge?" Elifuraha alimuuliza mama yake. Sauti ile ya redioni ilikuwa imekauka.

"Kwa sababu ulisema wewe."

"Niliwaambia watu wote, mama! Sikukuambia wewe."

"Na mimi katika watu wote ni nani?"

Elifuraha akaifungua chupa. Akanywa. Akanywa tena, kama mtu anayetafuta kitu kilichozama. Kisha akaiweka chini. "Sukari," alisema. "Sukari na rangi." Akajifunika uso.

"Kulia utalia baadaye," mama yake akamwambia. "Kesho ni siku ya soko, na gari lenu linakuja. Kuna watoto wengine wanaokunywa hii."

Kesho yake soko lilijaa. Elifuraha alipanda juu ya gari la matangazo, akakinyakua kipaza sauti, akasema waziwazi: "Ndugu zangu, Nuru si dawa. Sijawahi kuinywa mpaka jana. Rudisheni watoto zahanati."

Watu wakapiga vigelegele.

"Huyo ndiye Elifuraha wetu! Anatupima akili!"

"Imba, bwana, acha maigizo!"

Dereva, kijana wa Kitundu, akaona biashara. Akauwasha wimbo. Soko zima likaanza kucheza, na chupa zikauzwa kuliko siku nyingine yoyote. Elifuraha alipiga kelele mpaka mishipa ikamtoka shingoni, nao wakazidi kumshangilia. Kila alilosema waliliona tangazo jipya.

Ndipo Aikande akapanda juu ya gari, Manka mgongoni japo mtoto alikuwa ameshapita umri wa kubebwa. Akamwambia dereva, "Zima." Dereva akazima. Aikande akamtua mtoto, akaifungua bandeji taratibu mbele ya watu, hata waliokuwa mbali wakaona. Soko likatulia hadi mbuzi waliofungwa mnadani wakasikika.

"Huyu ni mwanangu," alisema bila kipaza sauti, akimwonyesha Elifuraha. "Ninawaambia ninyi, na ninajiambia mimi mjinga niliyeacha vidonge. Mdomo wake ulikodiwa. Mdomo wa kukodi hauonji. Aliyeonja ni mtoto huyu hapa."

Mwanamke mmoja akaitua chupa yake chini. Kisha mwingine. Hakuna aliyepigiwa kelele, hakuna aliyepigwa. Waliziacha chupa mavumbini wakaondoka, na waliokuwa na watoto wagonjwa wakaondoka mbio.

Manka alirudi kwenye vidonge, hakuanguka tena. Mkono haukunyooka. Alijifunza kuandika kwa kushoto, na kwa kushoto huo huo akawa anasalimia watu, nao hawakumwambia hana adabu. Elifuraha aliimba tena baadaye, lakini Kisaseni wimbo wa harusi ule hawakuupiga kamwe. Maharusi walisindikizwa kwa ngoma.

Kwa hiyo mtu anayependwa akikusifia kitu, usimuulize anaimba vizuri kiasi gani, wala anafunga mabao mangapi. Muulize kama nyumbani kwake, mlango ukishafungwa, kitu hicho kipo mezani. Asipokuwa na jibu, weka hela yako mfukoni.

Mdomo wa kukodi hauonji.