Nani Aizibue Ndiva ya Vuchongo?

Haya, nyamazeni, na anayetafuna muwa akatafunie nje. Mwishoni kuna swali, na atakayejibu bila kusikiliza atajulikana.

Huko milima ya Upare, kijiji cha Vuchongo, walikuwepo watu watatu waliojaliwa, kila mmoja kwa lake.

Kaangwe alijaliwa koo. Akipuliza baragumu na kupaza sauti kilimani, mtu wa bonde la pili aliacha jembe. Ndiye aliyewaita watu kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji. Masikio hakujaliwa. Yalichukua nusu ya neno, nusu nyingine akaitunga mwenyewe.

Bibi Naetwe alijaliwa kumbukumbu. Alijua kila mtu alizaliwa mvua gani, na siku hiyo mama yake alikuwa amegombana na nani. Watu walimsalimia kwa adabu sana, kwa kuogopa atakayoyakumbuka.

Mwalimu Somoe alijaliwa kufundisha. Alitoka Lindi na begi moja na koti lisilotosha baridi ya mlimani. Darasani kwake hata mtoto mzito alitoka ameelewa, na kifaa kikikosekana alikitengeneza kwa chochote kilichokuwa karibu.

Sasa mwaka ule vuli haikuja. Masika nayo ilikuja yote kwa wiki moja, ikabeba udongo na mbegu, ikaenda zake. Kijito kikabaki chembamba. Mchana maji yalinywewa na jua kabla ya kufika mashambani, usiku yalishuka tambarare bila kumfaa mtu. Watu wakapanda maharage mara ya pili, wakakaa wakiangalia juu. Wazee walisema ni mizimu, wachungaji walisema ni dhambi, mwenyekiti akasema suala linashughulikiwa.

Mwalimu Somoe akamwendea Kaangwe, akamkuta ananoa panga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Sema kwa nguvu."

"Naomba uwaite watu. Nataka kuwaeleza habari ya mabadiliko ya tabianchi."

"Ya tabia?"

"Tabianchi."

"Nimesikia. Kwani mimi kiziwi?"

Jioni akapanda kilimani, akapuliza baragumu. "Watu wa Vuchongo. Kesho asubuhi, kiwanja cha mpira. Mwalimu atatuambia ni tabia ya nani imebadilika hapa kijijini mpaka nchi ikaharibika."

Angetangaza habari za mvua, wangekuja wajane wawili na mbwa. Kwa tangazo lile walikuja wote: wenye hamu ya kusikia ya wenzao, na wenye hofu ya kusikia yao. Mgonjwa alibebwa. Mwenyekiti alivaa koti.

Mwalimu hajafungua mdomo, Mzee Senzota akasimama. "Mwalimu, kabla hujanitaja. Ule mkuyu wa chemchemi niliukata mimi. Lakini ulishaanza kukauka."

"Ulianza kukauka lilipoingia panga lako," mkewe akasema.

Mwingine akainuka. "Na kama ni lile shamba langu pale juu ya chemchemi, nimeshaanza kulihama."

"Umeanza lini?" jirani yake akauliza.

"Leo."

Kaangwe alikuwa amesimama nyuma na baragumu lake kwapani. Alimwona mwalimu anamtazama, akajua kuna neno limekwenda kombo, ila hakujua ni lipi.

Mwalimu hakumkemea. "Hamjakosea sana," akasema. "Nchi nayo ina tabia, kama mtu. Vuli ilikuwa na tabia ya kuja mkishatayarisha mashamba. Imeacha. Moshi ulioiharibu umetoka zaidi kwa watu wa mbali, wenye viwanda na magari. Wa kwenu ni kidogo. Lakini njaa ikija itakuja hapa. Mvua hatuwezi kuiamrisha. Je, maji ya usiku yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda tambarare," Bibi Naetwe akajibu pale alipokaa, "kwa sababu ninyi mnachezea mpira ndani ya ndiva."

Watu wakatazama chini ya miguu yao. Ndiva ni bwawa la udongo la wazee wa Upare. Hukinga maji ya kijito usiku kucha, asubuhi likazibuliwa, maji yakaenda mashambani kwa zamu. Mabomba yalipokuja watu waliitupa ile yao, tope likaijaza, nyasi zikaota, vijana wakasimika magoli. Hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini kiwanja kina kingo pande zote kama bakuli.

"Na mdomo wake uko wapi, bibi?"

"Hapo alipokaa mwenyekiti."

Mwenyekiti akasogea.

Basi kazi ikaanza. Bibi Naetwe akabebwa kwenye kiti, akionyesha kwa fimbo: hapa sakafu ya mawe, pale udongo wa mfinyanzi wa kusiribia, huku mdomo. Walichimba aliposema, wakakuta alichosema. Bila yeye wangeuchimbua mlima mzima.

Mfereji wa zamani ulikuwa umebebwa na ile mvua ya wiki moja. Mwalimu Somoe akatafuta mpira wa maji unaopitisha mwanga, akaujaza maji, na watoto wa shule wakapima nao usawa wa mteremko kutoka kijitoni hadi ndivani, kama fundi anavyopima msingi wa nyumba, wakisimika vijiti njiani. Mahali wanaume walipotaka kukata njia ya mkato, vijiti vilizunguka. Wakanung'unika, wakafuata vijiti. Bila yeye mfereji ungekuwa wa kulalia mijusi.

Na Kaangwe? Kila alfajiri alikuwa kilimani. Watu walipochoka akaanza kuwaita kwa majina. "Singo, jembe lako linauliza uko wapi. Mama Kiondo, jua limeshafika kwako, wewe bado hujafika." Walikuja wamekasirika, lakini walikuja. Na waliokiri makosa siku ile walipanda mikuyu kule chemchemi bila kusukumwa, maana kijiji kizima kilikuwa kimewasikia. Bila yeye, bibi mmoja na mwalimu mmoja wangekuwa bado wanakwangua nyasi.

Asubuhi moja watu waliamka wakakuta ndiva imejaa mpaka ukingoni. Wanawake walipiga vigelegele mpaka mabonde yakaitikia. Vijana waliokuwa wakililia kiwanja chao ndio waliokuwa wa kwanza kujirusha majini, wakafukuzwa kwa fimbo.

Sasa ikabaki kuzibua. Na desturi ya huko ni hii: ndiva iliyofufuliwa hupewa jina jipya, jina la mtu aliyeizibua mara ya kwanza. Mti wa kuzibulia ni mfupi, unashikwa na mtu mmoja tu.

Mwenyekiti akanyoosha mkono kuuchukua. Watu wakamcheka mpaka akavua koti.

Kaangwe hakucheka. Huko Upare mjukuu hurithi jina la babu, na yeye hakuwa na mtoto, sembuse mjukuu. Siku akifa, jina Kaangwe lingezikwa naye. Hapa aliona jina lake likitajwa kila asubuhi na watu wanaokwenda kufungua maji. Akasogea mbele.

"Nizibue mimi."

"Wewe?" Bibi Naetwe akamkodolea macho. "Wewe ulikosea kutangaza."

"Ningetangaza sawasawa, ungekuja?"

Bibi akafikiri. Hakuwa mwongo. "Nisingekuja. Lakini ungewaita watu wa dunia nzima bila mimi, wangekaa juu ya maji wakilia kiu. Hii ndiva ilikuwa imekufa, ikabaki hai kichwani mwangu tu. Nizibue mimi."

"Mimi nitahamishwa, bibi," akasema Mwalimu Somoe. "Leo Vuchongo, kesho sijui wapi. Maji haya yamepita nilipoyapitisha. Nami nataka nikiondoka kitu kibaki na jina langu."

Watoto wa shule wakaunga mkono upande wa mwalimu. Wazee wakasimama na Naetwe. Waliotoka vitandani kwa matusi ya Kaangwe, Singo akiwa mbele, wakasimama na Kaangwe. Jua likapanda, majani ya maharage yakaanza kujikunja, na mti wa kuzibulia ukawa mikononi mwa mwenyekiti, ambaye sasa hakuutaka hata kidogo.

Je, wewe ungempa nani? Aliyekumbuka, aliyepima, au yule ambaye kosa lake ndilo lililowaleta wote? Na usiseme wazibue pamoja. Umeshaambiwa mti ni mfupi.