Asiyejua Hajazika

"Asiyejua hajazika." Mliisikia jana, wajukuu zangu, mkadhani ni maneno ya wachimba makaburi. Hata! Kaeni niwaeleze ilikoanzia.

Katika mji mmoja wa milimani, Usambara, uliitishwa mhadhara wa dini. Mhadhiri akataka kila mwenye shaka asimame aseme kama Mungu yupo. Kaoneka, fundi cherehani, akasimama akasema, "Hayupo." Akafuata Sempombe, mtengeneza redio. "Mimi sijui," akasema. "Nimetafuta sijapata, lakini siwezi kusema hayupo." Hadi jua linatua, midomo ya watu ilikwisha kuwatia wote wawili kapu moja: wakanaji.

Mkewe Sempombe, Mwantumu, alichanganyikiwa. Miaka ishirini na miwili ya ndoa, na leo hamjui mumewe!

"Baba Zawadi, umemkana Mungu?"

"Sijamkana."

"Basi unamwamini."

"Hilo nalo sijalisema."

"Sasa uko wapi?"

"Sijui, mke wangu."

Mwantumu alitamani kumpiga kwa mwiko.

Asubuhi akaja kaka yake Mwantumu, Shemdoe, na kamba ya kufungia godoro. "Funga mizigo," akasema. "Aliyemkana Mungu hana ndoa na dada yangu." Mwantumu akaanza kukunja kanga zake. Akakunja, akakunjua, akakunja tena. Mumewe alikuwa amejiinamia pembeni, na yeye alimpenda, na hakutaka kwenda kokote. Lakini akatae kwa hoja gani, ikiwa mwenyewe haelewi? Ndipo likamtoka swali ambalo hata hakulipanga.

"Kaka, Hiza yu hai?"

Hiza alikuwa mwana wa Shemdoe. Alikwenda machimboni miaka tisa nyuma, na tangu hapo hakuleta hata salamu.

"Sijui," akasema.

"Basi amekufa. Tumsomee hitima, shamba lake ligawiwe."

"Koma!" Shemdoe alitupa kamba chini. "Nani kakwambia mwanangu kafa? Nimesema sijui!"

"Kwani kuna tofauti?"

"Ipo! Wanaosema kafa wamekwisha anua matanga. Mimi bado namuulizia kila ashukaye kwenye basi. Asiyejua hajazika!"

Alipojisikia alichokisema, akakaa juu ya godoro. Mwantumu akaogopa, maana hakukusudia kumtonesha kidonda. Sempombe akampa shemeji yake maji. Shemdoe akanywa, kisha akamtazama.

"Na wewe, shemeji, bado unaulizia?"

"Kila siku."

"Na Kaoneka?"

"Kaoneka ana jibu lake, ametulia nalo. Mimi sina."

Shemdoe akatikisa kichwa muda mrefu. Sidhani kama alielewa yote. Mwantumu naye hakuelewa mumewe angeishia upande gani, na msinibane mimi, kwa sababu hata Sempombe mwenyewe hakujua. Ila kanga alizirudisha sandukuni.

Nje majirani walikuwa wamejaa kumngoja mwanamke atoke na mizigo yake. Akatoka Shemdoe peke yake.

"Dada yako yuko wapi?" wakamuuliza. "Si mumewe kamkana Mungu?"

Shemdoe akawajibu huku machozi yanamtiririka, na wala hakuyafuta:

"Asiyejua hajazika."